Delete ya Mwalimu Kagaruki

Ujumbe wa chuo uliingia kwenye simu ya Joviana saa tatu asubuhi, siku ya Jumanne, akiwa amepiga magoti uani anageuza kahawa kwenye mkeka. Alijifuta mikono kwenye kanga, akasoma, akasoma tena, kisha akasimama na kuikanyaga kahawa ya familia bila habari.

"Mama," aliita. "Chuo kinasema nimekataa."

Clotilda alitokea jikoni na kisu cha kumenyea ndizi mkononi. "Umekataa nini?"

"Nafasi ya uuguzi. Wanasema wamepokea fomu ya mzazi ya kutokubali nafasi. Wanatutakia kila la heri."

Clotilda aliinyakua simu, ingawa bila miwani yake herufi zote zilikuwa sisimizi tu. Aliitazama kwa hasira kana kwamba sisimizi hao wangeona haya na kujipanga upya. "Kila la heri ya nini? Fomu si alijaza baba yako mwenyewe? Si alikwenda nayo Bukoba kwa miguu yake, na tai shingoni?"

"Ndiye."

Wakatazamana, halafu wote wawili wakautazama mlango wa sebule.

Humo ndani Mwalimu Protase Kagaruki alikuwa anasahihisha kadi ya harusi. Hakuombwa na mtu. Kadi ililetwa na Walutheri wa ng'ambo ya barabara ili achangie, naye alikuwa ameshazungushia duara jekundu makosa matatu ya Kiingereza na alikuwa anatafuta la nne. Ualimu alistaafu miaka saba iliyopita, lakini kalamu nyekundu haikupewa barua ya kustaafu. Barua yoyote ya Kiingereza iliyofika Kamachumu, iwe ya benki, ya mfadhili, au ya mtoto aliyepotelea Ulaya, ilipita kwanza mikononi mwake, na wenye barua walikaa kwenye benchi lake wakisubiri kimya kama watu wanaosubiri majibu ya maabara.

"Tata," Joviana alimwita baba yake, na sauti ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia. "Kwa nini umenikatalia?"

"Nimekukatalia nini?"

Joviana akamsomea ujumbe.

"Haiwezekani," alisema Mwalimu bila kuinua macho. "Watakuwa wamechanganya majina. Vijana wa siku hizi hawasomi, wanabonyeza tu. Ngoja." Alikuwa mtu wa nakala, hata risiti ya chumvi aliitunza. Alivuta faili la kijani kutoka chini ya meza, akalamba kidole, akaitoa fotokopi ya fomu na kuiweka mbele yake.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza tupu. Katikati yake palikuwa na maneno makubwa: I ACCEPT / I DO NOT ACCEPT THIS OFFER. Nakubali, sikubali. Chini yake, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, palikuwa na agizo: delete as applicable.

Mwezi uliopita, alipoijaza, Mwalimu alilitafakari agizo hilo kwa heshima zote. Delete ni kufuta. Applicable ni linalohusika. Kwa hiyo, futa linalohusika. Na lililomhusu yeye lilikuwa kukubali, maana alikuwa anakubali. Alichukua rula akapiga mistari miwili iliyonyooka juu ya I ACCEPT, akaigonga saini yake ya mikia mitatu, akajiona mtu pekee wilaya nzima ya Muleba anayefuata maelekezo.

Sasa, huku maneno ya ujumbe yakiwa bado masikioni mwake, alitazama kile kilichobaki bila kukatwa. Kilichobaki ni I DO NOT ACCEPT.

Kuelewa kulimchukua muda wa chafya moja. Uso ukamwasha hadi nyuma ya masikio. Mtu mwingine yeyote angesema "nimekosea", na shughuli ingeishia hapo. Lakini Mwalimu Kagaruki alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne, na miaka yote hiyo neno hilo alilisikia kwa wengine tu. Aliirudisha nakala kwenye faili. Akalifunga faili. Akaweka kiwiko juu yake.

"Nilikuwa na sababu zangu," alisema.

Uongo ule ulikaa mahali pake vizuri mno. Nyumba nzima ilijua kwamba mwezi wa sita alilalamika chakula kizima cha mchana, kwamba uuguzi ni kuogesha watu usiowajua, kwamba binti mwenye kichwa cha Joviana alifaa kushika chaki. Baadaye alilainika, akaacha kulalamika, akaulizia hata bei ya sare. Lakini nani angekumbuka kulainika?

"Sababu gani?" aliuliza Clotilda.

"Za mzazi."

"Na mimi ni nani humu? Mpangaji?"

Joviana alisimama kidogo, akitazama kile kiwiko juu ya faili. Hakulia mbele yao. Alitoka nje akaenda kukusanya kahawa aliyoikanyaga, punje moja moja, na akaikusanya muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Wiki ile Clotilda hakuacha kupika. Aliacha kutangaza kwamba chakula kiko tayari. Mwalimu, ambaye kwa miaka yote aliitwa mezani mara mbili na kujivuta mara ya tatu, alijikuta anazungukazunguka mlango wa jikoni akijifanya anatafuta kamba, mpaka agundue sahani yake imefunikwa mezani tangu saa moja iliyopita, ndizi zimepoa na kukaza kama sabuni ya mche. Akila, mkewe alizungumza na redio.

"Umesikia?" Clotilda aliiambia redio. "Huko kwenu Dodoma wanasema wauguzi hawatoshi. Hapa kwetu wapo wa kumwaga, tunawakataa."

Jumamosi kwenye jumuiya walisali rozari kwa jirani, na katekista akaomba kwa ajili ya wazazi wenye mioyo migumu wanaozima ndoto za watoto wao. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Watu kumi na tisa walifumba macho na kila mmoja akaacha jicho moja upenyo. Mwalimu aliitikia "twakuomba utusikie" kwa sauti kubwa kuliko wote, na hilo likawa kosa jingine.

Joviana yeye aliendelea kumwamkia kila asubuhi, "Shikamoo Tata," kwa adabu iliyokamilika, kama mtu anavyomwamkia mkuu wa gereza. Wiki nzima hakumuuliza swali hata moja, hata la msamiati. Jambo hilo lilimuuma Mwalimu kuliko ndizi baridi. Mara mbili alifungua kinywa kumwambia ukweli. Mara ya kwanza alipita mtu. Mara ya pili hakupita mtu yeyote, akakifunga tu.

Halafu Byabato akaja kumpongeza.

Byabato alikuwa jirani yake, kibanja kwa kibanja, mtu wa mwili mkubwa na maoni makubwa zaidi. Alikuja alasiri na kidumu cha rubisi, pombe ya ndizi, akakaa kwenye benchi la wenye barua ingawa hakuwa na barua.

"Mwalimu waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya, "nimesikia. Wanawake wanakusema, waache. Mimi nakupa mkono."

"Wa nini?"

"Wa msimamo! Watoto wa kike siku hizi wanajipangia wenyewe. Nancy wangu amepata nafasi ya kusomea ufundi umeme, huko huko Bukoba. Umeme, Mwalimu! Apande nguzo na sketi? Nilikuwa sijui niseme nini, maana mama yake amenikalia kooni. Sasa nimepata la kusema. Nimewaambia, Mwalimu mwenyewe, msomi, kamzuia wake, sembuse mimi?"

Mwalimu aliiweka chini bilauri aliyokuwa amepewa. "Umemwambia Nancy hivyo?"

"Jana. Amelia mpaka kashikwa kwikwi. Fomu yake ipo ndani, sijaigusa na siigusi." Byabato alimimina tena. "Kunywa basi. Leo ni siku yetu wanaume."

Mwalimu Kagaruki alimkumbuka Nancy: mtoto aliyewahi kumtengenezea redio kwa kipande cha waya na jojo. Rubisi ilikuwa tamu, imeiva sawasawa, lakini hakuinywa tena. Alitaka kusema jambo. Akasema mvua mwaka huu imechelewa.

Jumatatu Clotilda alishuka Muhutwe kumwona dada yake mgonjwa. Joviana alibaki, na kwa kuwa alikuwa ameamua kutafuta kazi ya kuuza kwenye duka la dawa pale Muleba mjini, aliingia sebuleni kutafuta vyeti vyake. Vyeti vilikuwa kwenye faili la kijani. Juu ya vyeti ilikuwa fomu.

Hakutaka kuisoma. Macho yakaisoma yenyewe. Aliiona mistari miwili juu ya I ACCEPT, imenyooka kwa ukatili. Halafu macho yakateremka hadi chini kabisa, kwenye nafasi ya maoni ya mzazi, ambako kwa mwandiko mzuri wa ubaoni baba yake alikuwa ameandika kwa Kiingereza sentensi ndefu yenye mikato minne. Joviana aliitafsiri polepole kichwani: Tunashukuru sana kwa fursa hii ya dhahabu, nasi tunaahidi kwamba binti yetu ataripoti chuoni, pasipo kukosa, siku iliyopangwa, akiwa na vifaa vyote.

Aliisoma mara tatu. Kisha akakaa sakafuni na kuanza kucheka, na kicheko kikaja na machozi ambayo yalikuwa yamekawia siku sita.

Baba yake alikuwa kibanjani anaondoa majani makavu kwenye migomba. Alimwona binti anakuja na karatasi mkononi, akajua ni karatasi gani hata kabla hajafika.

"Tata, hukunikatalia," alisema Joviana. "Hukuelewa fomu."

"Nilielewa." Mwalimu aliendelea kuvuta jani ambalo lilikuwa bado bichi. "Fomu ndiyo haikujielewa."

"Ungeniambia tu!"

"Nikuambie nini? Soma wewe mwenyewe. Delete as applicable. Futa linalohusika. Imesema futa lisilohusika? Haikusema. Kama walitaka nifute lisilohusika wangeandika inapplicable. Ni kiambishi cha herufi mbili tu. I na N. Wameshindwa hata hizo?"

"Tata."

"Mimi nilifuata sarufi."

"Tata, ukidiliti picha kwenye simu, unabaki na ipi? Ile uliyoidiliti?"

Mahali fulani juu ya migomba ndege alipiga kelele zisizo na maana. Hoja ile haikuwa ya kisarufi hata kidogo, na haikuwa na pa kuzungushia duara jekundu.

"Kwa hiyo ulipendelea nikuone mkatili," alisema Joviana, na sasa hakuwa anacheka. "Wiki nzima. Nimelala nikijiuliza nimekukosea nini. Ulipendelea hivyo kuliko kusema neno moja la Kiingereza limekushinda?"

Mzee aliinama akaokota kisu chake cha kukatia majani. "Watu wa hapa," alisema, "wakishasikia hilo, miaka yote thelathini na minne inakuwa mchezo. Watasema, kumbe alikuwa anatubabaisha." Aliugusa mgomba, akauacha. "Nilidhani mtu anaweza kumsamehe baba mkali. Wakali wapo wengi. Baba mjinga unamfanya nini?"

"Unampeleka Bukoba," alisema Joviana. "Kesho asubuhi. Na utasema mwenyewe kwa mdomo wako."

"Usimwambie mama yako."

"Sitamwambia. Vaa tai."

Ofisi ya udahili ilikuwa na dirisha moja, foleni moja na feni moja iliyoelekezwa kwa karani. Watu kama kumi na tano walikuwa mbele yao, wazazi na watoto wao, kila mmoja na bahasha ya khaki kifuani. Mwalimu alisimama wima kwenye tai yake, akiwa amejiandalia hotuba fupi ya Kiingereza yenye maneno clerical ambiguity, yaani utata wa kiofisi, ndani yake. Aliamini ikisemwa haraka na kwa sauti nzito itapita.

Zamu yao ilipofika, karani aliinua uso, akaruka kutoka kwenye kiti.

"Shikamoo, Mwalimu! Mwalimu Kagaruki! Mimi Ayubu! Ayubu wa darasa la sita, ulinichapa kwa sababu ya I am go!"

"Marahaba," alisema Mwalimu, akitamani sakafu ifanye jambo la maana.

Ayubu aligeukia foleni nzima, akiwa na furaha ya dhati. "Jamani, huyu ndiye aliyenifundisha Kiingereza. Chote nilicho nacho ni chake. Huyu alikuwa anameza kamusi!" Foleni ikamtazama mzee kwa heshima. Mama mmoja mwenye mwavuli akasogea karibu aone vizuri. "Haya, Mwalimu, nikusaidie nini?"

Mwalimu alianza hotuba. Alifika kwenye ambiguity, na Ayubu, ambaye alikuwa anatabasamu kwa fahari bila kufuatilia, akavuta kibodi.

"Nimekupata, Mwalimu. Joviana Protase, fomu ilirudi haikubali. Sasa mnataka kurudishiwa nafasi. Mfumo unaniuliza sababu, na unazo mbili tu. Ya kwanza, mzazi alibadili mawazo. Ya pili, mzazi hakuelewa fomu." Alitazama kioo cha kompyuta. "Ukibadili mawazo unasubiri hadi mwakani. Ukiwa hukuelewa, faili linaenda kwa msajili leo leo. Kwa hiyo hapa," akacheka kidogo, "naona tuweke ya kwanza, maana kwa Mwalimu hiyo ya pili haiwezekani."

Joviana alikuwa ameapa hatasema kitu, na alijiuma mdomo ili kiapo kishike.

"Weka ya pili," alisema Mwalimu.

"Samahani?"

"Ya pili."

"Mzazi hakuelewa?" Ayubu aliinama karibu na tundu la kioo. "Mzazi yupi, Mwalimu? Mama?"

Hapo mlango wa kutorokea ulikuwa wazi. Angesema mama, na Clotilda alikuwa Muhutwe, asingesikia. Mwalimu Kagaruki aliutazama mlango huo, na Joviana akamwona akiutazama. Mzee akalegeza tai.

"Huyu," alisema, akijigusa kifua. "Mimi. Sikuelewa delete. Nilifuta nililolitaka."

Feni ikageuza kichwa, ikarudi. Uso wa Ayubu ulipitia mambo mengi kwa mkupuo, na mwishowe akaanza kuandika bila kumtazama, polepole sana, kama mtu anayevua viatu msikitini.

"Mungu wangu," alisema yule mama wa mwavuli nyuma yao. "Kwani hufuti unalolitaka?"

"Hapana, mama," alisema Joviana.

"Mimi nimetoka Kanazi na fomu hii hapa!" Aliichomoa kwenye bahasha, akaikunjua. Alikuwa amefuta alilolitaka kwa peni ya bluu, akarudia na nyeusi kwa uhakika. Mzee mwingine, aliyekuwa ameegemea ukuta, akaifungua ya kwake taratibu, akaitazama, akaikunja tena na kutoka nje kutafuta fomu nyingine.

Msajili, Bi Consolata, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba na uchovu wa miaka. Aliweka fomu ya Mwalimu mezani, akaweka nyingine nane pembeni yake, moja moja, kama mtu anayegawa karata.

"Tisa," alisema. "Wote wamekataa nafasi, na wote wameambatanisha picha nne za pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vipimo vya afya. Mtu anayekataa anapimwa mkojo wa nini? Na hakuna aliyejiuliza humu ofisini. Hata mimi." Akaichukua ya Mwalimu, akasoma maoni chini. "Fursa ya dhahabu."

"Bi Msajili," alisema Mwalimu, kwa kuwa alishapoteza kila kitu kingine, "kisarufi, sentensi yenu ina kasoro."

"Kisarufi, Mwalimu, una haki. Lakini katika kuitumia, watu wote wanafuta wasilolitaka."

"Wote akina nani?"

"Wote, ukiwaondoa hawa tisa." Bi Consolata alivua miwani. "Nafasi ya binti narudisha. Ila kitanda cha bweni kimeshachukuliwa, hicho siwezi. Ana pa kukaa mjini?"

Shangazi Gaudiosa alikuwa na chumba Kibeta, chumba chenye mashine ya kusaga upande wa pili wa ukuta na kuku wanaolala chini ya kitanda. Kutoka hapo hadi chuoni ni mwendo wa miguu, asubuhi na jioni, jua na mvua, kwa miaka mitatu. Mwalimu alifungua mdomo kulalamika juu ya kitanda, akakumbuka nani aliyekipoteza.

"Anapo," alisema Joviana haraka. "Nitakaa na kuku."

Walifika nyumbani saa kumi jioni. Clotilda alikuwa amerudi kutoka Muhutwe na sato wawili wa ziwani, na alikuwa amesikia kwa mtu kwamba mumewe na bintiye wameonekana kituoni wamevaa vizuri. Alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni, tayari kwa vita.

"Nimerudishiwa nafasi, mama," alisema Joviana.

Clotilda alipiga kigelegele ambacho kilisikika hadi kwa Walutheri. Alimkumbatia binti, akamwachia, akamshika tena. "Ilikuwaje?"

Joviana alimtazama baba yake. Mzee alikuwa anachunguza kamba za viatu vyake kwa makini ya ajabu, tai iko mfukoni, mabega yamemshuka. Wakati ule alionekana mdogo kuliko fomu yenyewe.

"Ofisi ilikosea," alisema Joviana. "Walichanganya majina. Tata hakukataa kamwe. Alisema zile sababu kwa hasira tu, alikuwa na uchungu."

Clotilda alimgeukia mumewe. Ilimchukua muda kupanga uso. "Baba Joviana," alisema, jina ambalo alikuwa hajalitaja siku saba, "na wewe! Si ungesema! Nimekulisha ndizi za baridi kama mfungwa." Akaingia jikoni, na mara mafuta yakaanza kulia.

Samaki alikuja mezani mzima, wa moto, na Mwalimu aliitwa mara mbili. Alijua alichopaswa kusema. Alijua pia kwamba kikishasemwa, samaki huyu hatakuwa samaki yule. Kwa hiyo alikula kwanza. Alikula upande mmoja, akamgeuza, akala upande wa pili, akanyonya kichwa. Clotilda alimsogezea chumvi. Alikuwa karibu kufika mkiani ndipo Byabato aliposimama mlangoni, ameitwa na kile kigelegele.

"Kumbe hukumzuia?" alisema Byabato, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. "Nasikia ofisi ilikosea."

"Ofisi ilikosea," alisema Clotilda. "Karibu samaki."

"Haidhuru. Mimi wangu nimeshamzuia. Neno la mwanaume likishatoka limetoka."

Mwalimu aliosha vidole kwenye bakuli, kimoja kimoja. Akavifuta.

"Byabato, ofisi haikukosea," alisema. "Ni mimi. Fomu ilisema delete, mimi nikafuta kukubali badala ya kutokubali. Sikuielewa. Halafu nikaona haya, nikajifanya nimekataa. Sikuwa na msimamo wowote. Ule mkono ulionipa, uchukue."

Clotilda aliweka chini kijiko. Mdomo wake ulianza kucheza pembeni, akauzuia na kiganja, ikashindikana. Alicheka mpaka akashika meza, akacheka hadi kanga ikamdondoka, na kila alipojaribu kusema neno lilitoka "delete" na kicheko kikaanza upya. Mwalimu alikaa akaupokea wote, kama mtu aliyesimama mvuani bila mwavuli na hana haraka tena ya kukimbia.

"Wewe?" alisema Byabato. "Kiingereza?"

"Mimi. Kiingereza."

Byabato alisimama pale akihesabu mambo yake taratibu. Msimamo wake wote ulikuwa umeegemea msimamo wa mtu mwingine, na sasa ule mwingine haukuwepo. Aligeuka akaondoka bila kuaga. Baada ya robo saa alirudi na Nancy nyuma yake, macho ya binti yamevimba, na bahasha ya khaki imekunjwa katikati.

"Tarehe ya mwisho ni keshokutwa," alisema Byabato, bila kumlenga mtu. "Mama yake atanitoa roho."

Mwalimu Kagaruki alinyoosha mkono, kwa mazoea. Bahasha ilimpita puani, ikaenda upande wa pili wa meza, ikatua mbele ya Joviana.

Ilimuuma. Hakuna haja ya kusema haikumuuma. Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha ukajifanya ulikuwa unafuata mkia wa samaki. Clotilda alifuta machozi ya kicheko, akasogeza sahani kando, akawapa nafasi wasichana wawili. Joviana alifungua fomu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, Kiingereza kwanza, halafu Kiswahili, neno kwa neno, huku Nancy na Byabato wameinama. Neno guardian alilitamka vibaya mara mbili. Baba yake alisikia mara zote mbili, akavuta pumzi, na akasikiliza mpaka mwisho.